Waranti ya Nyongeza: Inalipia Nini, Inaacha Nini

Waranti ya nyongeza ni ahadi ya matengenezo inayouzwa kwa bei yake yenyewe, kando ya bei ya kifaa. Anayenunua simu, kompyuta mpakato au runinga hulipa fedha za ziada, na muuzaji, au kampuni iliyo nyuma yake, huahidi kukitengeneza au kukibadilisha kifaa hicho kikiharibika baada ya waranti ya kiwanda kwisha. Huuzwa kaunta, pale mteja akiwa ameshakubaliana bei na mkono uko kwenye pochi au kwenye menyu ya M-Pesa. Mkataba wake una maneno mengi kuliko karatasi nyingine yoyote ndani ya boksi, lakini huamuliwa kwa dakika moja au mbili. Ndiyo maana wengi waliolipia hawajui walilipia nini, na wapo waliolipia kitu ambacho tayari kilikuwa chao.

Ahadi ambazo mnunuzi anazo tayari

Waranti ya kiwanda haiuzwi, kwa sababu imo ndani ya bei. Apple hutoa mwaka mmoja kwa simu zake. Samsung hutoa mwaka mmoja au miwili kulingana na nchi na bidhaa. Tecno, Infinix na itel, ambazo zote ni za kampuni moja ya China iitwayo Transsion na ndizo zilizojaa mifukoni mwa watu wa Afrika Mashariki, zimezoeleka kuuzwa na miezi 12 na mwezi mmoja wa ziada, na hutengenezwa kwenye vituo vya Carlcare, ambayo ni kampuni ya kundi hilo hilo. Chaja, betri na vifaa vya masikioni mara nyingi hupewa muda mfupi zaidi, na muda huo umeandikwa kwenye kadi ya waranti ambayo wateja wengi huiacha ndani ya boksi bila kuifungua. Waranti ya kiwanda inahusu kasoro ya kiwandani tu: kitu kilichoungwa vibaya, kipande kilichokuja na ubovu, skrini inayoanza kutoa mistari bila kuguswa. Ajali haimo.

Juu ya waranti ya kiwanda kuna haki ya kisheria, na hii ndiyo inayosahaulika zaidi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 46, inampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa na huduma zenye ubora unaoridhisha. Sheria ya kuwalinda watumiaji iliyotungwa mwaka 2012 inaongeza kwamba muuzaji anahesabiwa kuwa ameidhamini bidhaa kuwa na ubora wa kuuzika, awe ametamka hivyo au hakutamka. Tanzania Bara ina Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, iliyorithi kutoka sheria ya Uingereza ya mwaka 1893 kanuni kwamba bidhaa inayouzwa na mfanyabiashara wa bidhaa hizo lazima iwe na ubora wa kuuzika na ifae kwa kazi aliyoitaja mnunuzi. Hivyo maneno yaliyopigwa muhuri chini ya risiti nyingi, kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi, hayana nguvu kubwa kama muuzaji anavyotaka yaonekane. Simu iliyokufa siku ya tatu kwa ubovu wake yenyewe ni jukumu la aliyeiuza.

Wanaoishi Ulaya wana haki iliyo wazi zaidi. Tangu mwongozo wa Umoja wa Ulaya wa mwaka 1999, muuzaji katika nchi wanachama anawajibika kwa kasoro za bidhaa kwa muda usiopungua miaka 2. Uingereza ina sheria yake ya haki za walaji ya mwaka 2015, na England mnunuzi anaweza kupeleka dai mahakamani hadi miaka 6 baada ya mauzo, ingawa kadiri muda unavyokwenda ndivyo inavyokuwa vigumu kuthibitisha kwamba kasoro ilikuwapo tangu mwanzo. Suala hili lilipata mfano wake mkubwa nchini Italia. Desemba 2011 mamlaka ya ushindani ya nchi hiyo iliipiga Apple faini ya yuro 900,000, kwa kutowaeleza wateja vya kutosha kuhusu miaka 2 waliyopewa na sheria huku ikiwauzia mpango wa nyongeza ambao kwa sehemu ulilingana na haki hiyo. Wateja walikuwa wakilipia kitu ambacho bunge lilikuwa limeshawapa bure.

Bima ya kifaa ni jambo jingine tena. Waranti inahusu ubovu unaotoka ndani ya kifaa; bima inahusu balaa linalokijia kutoka nje, yaani kuanguka, maji, moto na wizi. Tofauti hii ina uzito wa kisheria, kwa sababu bima husimamiwa na mamlaka maalumu, TIRA kwa Tanzania na IRA kwa Kenya, na anayetoa bima lazima awe na leseni. Duka linaloahidi kulipia simu iliyoibiwa linatoa bima, liite jina lolote litakalo, na mteja ana haki ya kuuliza ni kampuni gani ya bima iliyo nyuma ya ahadi hiyo. Jibu likikosekana, ahadi hiyo inadumu kadiri duka litakavyodumu.

Maandishi madogo

Mkataba wa waranti ya nyongeza usomwe kuanzia sehemu ya mambo yasiyohusika. Hapo hutajwa, karibu katika kila mkataba, kuanguka na kupasuka, kuingia maji, umeme kupanda na kushuka, wizi na kupotea, uchakavu wa kawaida, programu na data, na kazi yoyote iliyofanywa na fundi asiyeidhinishwa. Baada ya kusoma orodha hiyo, msomaji ailinganishe na yale yanayopelekwa kwa mafundi wa simu kila siku: vioo vilivyopasuka, simu zilizoingia maji, matundu ya chaji yaliyolegea, betri zilizovimba au zisizokaa na chaji. Sehemu kubwa ya yanayotokea kweli iko upande wa yasiyohusika. Hilo ndilo jambo la msingi kuliko yote katika sura hii. Waranti ya nyongeza ya kawaida haigusi chanzo kikuu cha hasara, kwa sababu simu mara nyingi huharibiwa na sakafu na maji kuliko na kiwanda.

Betri inastahili kusemwa peke yake. Kila betri ya lithiamu hupungua uwezo kadiri inavyochajiwa, na mikataba mingi huuita upungufu huo uchakavu. Mipango michache huweka kiwango: ule wa AppleCare+ hubadilisha betri ikiwa uwezo wake umeshuka chini ya asilimia 80 ya ule wa awali. Umoja wa Ulaya umeweka kanuni iliyoanza kutumika tarehe 20 Juni 2025, inayotaka betri za simu zibaki na angalau asilimia 80 ya uwezo baada ya kuchajiwa mizunguko 800, na vipuri muhimu vipatikane kwa miaka 7 baada ya modeli kuacha kuuzwa. Mkataba usiotaja kiwango chochote cha betri ni mkataba usioihusu betri.

Kuhusu maji, ushahidi umefichwa ndani ya kifaa chenyewe. Katika simu nyingi kuna kipande kidogo cheupe, mara nyingi ndani ya tundu la laini, ambacho kikiguswa na maji hugeuka chekundu na hakirudi tena kuwa cheupe. Mhudumu wa kituo cha kampuni huchomoa trei ya laini, humulika tochi ndani ya tundu, na akiona wekundu dai linaishia hapo hapo, hata kama kilicholetwa ni spika isiyosikika. Alama ya IP68, inayotangaza kwamba simu inastahimili maji, haimwokoi mteja. Alama hiyo inatokana na kipimo cha maabara, kwenye maji safi yaliyotulia, simu ikiwa mpya. Mawimbi ya Bamburi au Kigamboni yana chumvi na mchanga, na mpira unaoziba simu huchoka kwa umri na kwa kila mara simu inapofunguliwa. Kampuni hizo hizo zinazotangaza simu kuwa haziingizi maji huandika kwenye waranti kwamba madhara ya maji hayahusiki.

Kibandiko kinachosema waranti itakufa kikibanduliwa nacho kina historia yake. Marekani ilipitisha mwaka 1975 sheria ya waranti inayojulikana kama Magnuson-Moss, inayokataza kampuni kumlazimisha mteja kutumia vipuri au fundi wake ili waranti isife, isipokuwa huduma hizo zitolewe bure. Aprili 2018 tume ya biashara ya nchi hiyo, FTC, ilizionya kwa barua kampuni 6 kuhusu vibandiko na maneno ya namna hiyo. Afrika Mashariki hakuna ulinzi ulio wazi kiasi hicho, kwa hiyo mkataba ukikataza fundi wa nje, njia salama ni kukipeleka kifaa kituo cha kampuni kwanza, kupata jibu la maandishi, kisha kwenda kwa fundi wa mtaani kama jibu ni hapana.

Vipengele vingine vitatu hula thamani ya mkataba polepole. Kimoja ni tarehe ya kuanza: waranti ya miaka 2 inayohesabiwa tangu siku ya ununuzi inaongeza mwaka mmoja tu, kwa kuwa wa kwanza umeshalindwa na kiwanda. Kingine ni mchango wa mteja, yaani sehemu ya gharama anayolipa mwenyewe kila anapodai. Cha mwisho ni kile mteja atakachopewa kifaa kikishindikana kutengenezeka. Mikataba mingi inaruhusu kifaa kilichokarabatiwa, au malipo ya thamani ya kifaa siku hiyo, ambayo baada ya miaka 2 ni ndogo mno kulinganisha na bei ya dukani.

Hesabu ya kaunta

Thamani ya waranti inaweza kukadiriwa kwa hesabu ambayo mtu yeyote anaifanya kwa kikokotoo cha simu: bei ya waranti igawanywe kwa kiasi ambacho kampuni ingelipa mara moja kifaa kikiharibika. Jibu ni uwezekano wa kuharibika unaohitajika ili mnunuzi asipate hasara.

Tuseme simu inauzwa TSh 800,000, na waranti ya mwaka wa pili ni TSh 90,000. Tuseme pia kwamba matengenezo ya kawaida ya simu hiyo ni TSh 200,000, na mteja anachangia robo. Kampuni italipa TSh 150,000. Gawanya 90,000 kwa 150,000, unapata 0.6. Maana yake, ili mnunuzi asipoteze kwa wastani, simu 6 kati ya 10 za aina hiyo lazima ziharibike ndani ya mwaka wa pili, tena kwa kasoro ya kiwandani, kwani kioo na maji havimo. Simu mbovu kiasi hicho isingepata mnunuzi wa pili mtaani. Hata mchango wa mteja ukiondolewa kabisa, jibu ni 0.45, yaani karibu nusu ya simu zote.

Hesabu hubadilika ajali ikiwamo. Tuseme simu ya TSh 1,500,000 ina mpango wa TSh 150,000 kwa mwaka unaolipia kioo, kubadilisha skrini nzima ni TSh 450,000, na mteja anachangia TSh 100,000. Kampuni italipa 350,000, na uwezekano unaohitajika ni asilimia 43 hivi. Kwa mtu mwangalifu bado ni ghali. Kwa anayevunja skrini kila baada ya miaka miwili, mpango huo unajilipia kwa kiasi kidogo, na kwa dereva wa bodaboda anayeweka simu kwenye usukani kutwa nzima ili kupokea wateja, unaweza kujilipia zaidi. Tabia ya mtumiaji ina uzito kuliko aina ya simu.

Hesabu hii haikuwa siri kwa wauzaji. Mwaka 2004 jarida la Marekani BusinessWeek liliripoti makadirio ya wachambuzi kwamba waranti za nyongeza zilikuwa zikiiletea Best Buy, kampuni ya maduka ya vifaa vya elektroniki, kiasi cha nusu ya faida yake ya uendeshaji, na mshindani wake Circuit City karibu faida yote. Runinga na kompyuta zilikuwa zikiuzwa kwa faida finyu kwa sababu ya ushindani; faida ilisubiri kwenye karatasi iliyotolewa baada ya bei kukubaliwa. Uingereza, Tume ya Ushindani ilichunguza biashara hii na kutoa ripoti yake mwaka 2003, ikaona kwamba ushindani haukuwa wa kutosha. Amri iliyofuata mwaka 2005 ililazimisha maduka kuonyesha bei ya waranti pembeni ya bei ya bidhaa, kumpa mteja makadirio ya maandishi yanayobaki halali kwa siku 30, na kumruhusu kuvunja mkataba ndani ya siku 45 na kurudishiwa fedha zote. Serikali ile ilielewa kwamba tatizo liko kwenye dakika mbili za kaunta, ikaamua kuzirefusha. Ni mfano ambao Tume ya Ushindani ya Tanzania na mamlaka mwenzake ya Kenya zingeweza kuufuata bila gharama kubwa.

Kwa nini watu hununua hata hivyo

Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza mwaka 1979 kwamba binadamu huupa uwezekano mdogo uzito mkubwa kuliko unavyostahili, na kwamba hasara humuuma kuliko faida ya kiasi hicho hicho inavyompendeza. Muuzaji anayemwonyesha mteja picha ya skrini iliyopasuka anafanya kazi na tabia zote mbili kwa pamoja, hata kama hajawahi kusikia majina hayo. Kisha TSh 90,000 ikiwekwa kando ya TSh 800,000 huonekana ndogo. Mtu yuleyule, akiambiwa wiki moja baadaye atoe TSh 90,000 kutoka kwenye mshahara kwa ajili ya karatasi, angefikiri mara mbili.

Sababu nyingine ina mashiko zaidi, nayo ni shaka juu ya ubora. Katika makala yake ya mwaka 1970 kuhusu soko la magari yaliyotumika, iliyochangia kumpa tuzo ya Nobel mwaka 2001, mwanauchumi George Akerlof alionyesha jinsi soko linavyoharibika muuzaji anapojua ubora wa bidhaa na mnunuzi hajui. Waranti ni moja ya tiba alizozitaja. Anayedhamini kitu kibovu atajiumiza mwenyewe, hivyo waranti ya kiwanda ni ishara kwamba kiwanda kinaamini kazi yake. Katika soko lenye simu feki, ishara hiyo ina thamani kubwa. Lakini ishara inatoka kwa yule aliyetengeneza. Waranti ya nyongeza iliyoongezwa na duka haisemi lolote kuhusu ubora wa simu, kwa kuwa bei yake imeshapigwa hesabu ili ilipe.

Kuna pia suala la wakati ambapo vifaa huharibika. Vifaa vya elektroniki hufa mapema au hufa uzeeni. Chenye kasoro ya kiwandani mara nyingi hujionyesha ndani ya wiki au miezi ya kwanza, kikiwa bado chini ya waranti ya kiwanda. Kikivuka hapo hukaa kipindi kirefu cha utulivu, hadi betri, viunganishi na feni vianze kuchoka. Waranti ya nyongeza kwa kawaida huangukia katikati, kwenye kipindi hicho cha utulivu. Kompyuta mpakato ndiyo inayokaribia kuwa tofauti. Mwaka 2009 kampuni ya Marekani ya SquareTrade, ambayo yenyewe ni muuzaji wa waranti, ilichapisha uchambuzi uliokadiria kwamba karibu theluthi moja ya kompyuta mpakato hupata hitilafu ndani ya miaka 3, na takriban theluthi mbili za hitilafu hizo hutokana na kifaa chenyewe wala si ajali. Hata kama takwimu za muuzaji zinahitaji kusomwa kwa tahadhari, zinaonyesha mahali ambapo ulinzi una kazi ya kufanya: kifaa ghali, chenye sehemu zinazozunguka na kupata moto, kinachobebwa kila siku, na ambacho ubao wake mkuu ukiungua gharama hukaribia bei ya kingine.

Fundi wa mtaani kama mbadala

Uamuzi wa kununua waranti hauwezi kutenganishwa na bei ya matengenezo mahali mtu anapoishi. Ulaya na Marekani, saa ya kazi ya fundi ni ghali kiasi kwamba kifaa cha bei ya kati hutupwa. Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, au barabara ya Luthuli, Nairobi, mambo ni mengine. Kioo cha juu kikipasuka huku skrini chini yake ikionyesha vizuri, fundi mzoefu habadilishi skrini nzima. Huilaza simu juu ya sahani ya moto mpaka gundi ilegee, hupitisha waya mwembamba kati ya kioo na skrini akiusogeza taratibu kutoka pembe moja hadi nyingine, hufuta gundi ya zamani, hubandika kioo kipya na kukikausha chini ya taa ya zambarau. Kisha hujaribu mguso kila upande, kamera na sauti mbele ya mwenye simu. Kazi hiyo hugharimu sehemu ndogo ya bei ya skrini mpya ya kampuni. Mkataba wa nyongeza unaouzwa kwa hofu ya gharama za kituo cha kampuni hupoteza nguvu pale fundi wa namna hii anapopatikana.

Udhaifu wa fundi uko kwenye vipuri na kwenye neno lake. Skrini za kunakili huja kwa madaraja tofauti, na nyingine hufifia rangi au hula chaji. Anayekwenda kwa fundi aulize daraja la kipuri kabla ya kulipa, aombe kurudishiwa kipuri cha zamani, na ahakikishe muda wa dhamana, uwe wiki mbili au miezi mitatu, umeandikwa kwenye risiti yenye tarehe na namba ya simu ya fundi. Dhamana ya mdomo ni ngumu kudai mbele ya mtu mwingine.

Fedha ambazo zingelipia waranti zinaweza kufanya kazi ya waranti zikiwekwa kando. Familia yenye simu tatu, kompyuta moja na runinga moja, ikiombwa TSh 60,000 kwa kila kifaa, ingetoa TSh 300,000 kwa mwaka. Kiasi hicho kikiwa kwenye kibubu au akaunti ya simu, kinalipia skrini, betri, maji, wizi na umeme bila kuuliza maswali, na kisipotumika kinabaki ndani ya nyumba. Shida ya njia hii ni nidhamu, na kwa mtu asiyeweza kuzuia mkono wake, mpango wa kulipia kidogo kidogo una faida ya kweli. Wanaonunua simu kwa mkopo wa malipo ya kila siku waangalie kwanza kama ulinzi fulani umo tayari ndani ya malipo hayo, maana kampuni nyingine za mikopo huuweka ndani na mteja hajui.

Vifaa visivyo na waranti na visivyo salama

Simu nyingi nzuri zinazouzwa Afrika Mashariki zimepitia Dubai, na nyingine zimetumwa na ndugu aliye London au Muscat. Waranti yake mara nyingi ni ya eneo ilikouzwa. Kampuni kadhaa hukataa kuhudumia nchini Tanzania au Kenya simu iliyotengenezwa kwa soko lingine, na hata inayokubali inaweza isiwe na vipuri vya modeli hiyo. Anayemnunulia mtu wa nyumbani waranti ya nyongeza Ulaya aulize swali moja kabla ya kulipa: matengenezo yatafanyika nchi gani?

Simu feki haina waranti yoyote, hata kama duka limeandika miaka mitano. Kenya ilizima simu feki kwenye mitandao mwishoni mwa Septemba 2012, na Tanzania ikafanya hivyo usiku wa tarehe 16 Juni 2016. Wanunuzi wengi waliamka na simu zisizo na mtandao, na karatasi za waranti hazikuwasaidia. Kupiga *#06# huonyesha namba ya IMEI, yaani utambulisho wa simu, ambayo lazima ilingane na iliyo kwenye boksi na kwenye risiti. Tanzania namba hiyo hutumwa kwa ujumbe mfupi kwenda 15090 ili kujua kama simu ni halisi. Ukaguzi huo ufanyike dukani, kabla ya fedha kutoka.

Runinga, friji na redio kubwa zina adui mwingine, umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo. Waranti nyingi hukataa madhara yake, na mafundi huyatambua kwa kuangalia sehemu ya kupokea umeme iliyoungua. Kifaa cha kulinda umeme, kile kinachokata umeme ukizidi au kupungua na kusubiri dakika chache kabla ya kuuruhusu tena, ni matumizi bora ya fedha kuliko waranti ya mwaka wa tatu ya runinga. Kwa simu, kava imara na kioo cha kubandika hufanya kazi hiyo hiyo kwa bei ya chakula cha siku moja.

Waranti inapofaa, na namna ya kuidai

Pamoja na hayo yote, upo mnunuzi anayepaswa kuinunua. Ni yule ambaye kifaa kikimharibikia leo hana uwezo wa kukitengeneza, na bila kifaa hicho kipato chake kinasimama: mpiga picha wa harusi mwenye kamera moja, mwanafunzi wa chuo anayeandika tasnifu, mtafsiri mwenye kompyuta moja. Huyu achague mpango unaolipia ajali, wenye mchango mdogo, unaosimamiwa na kampuni ya bima yenye leseni, na unaosema kwa siku ngapi kifaa kitarudi. Kama mpango haumpi kifaa cha kushikilia wakati wa kusubiri, nusu ya sababu ya kuununua imekwisha. Wengine wote waiache.

Dai hushinda au hushindwa kwa karatasi. Risiti yenye IMEI au namba ya kifaa, kadi ya waranti iliyopigwa muhuri na picha ya boksi vihifadhiwe pamoja, na kwa kuwa maandishi ya risiti za mashine za kodi hufifia ndani ya miezi, risiti ipigwe picha siku ile ile. Kabla ya kukabidhi kifaa, data ihamishwe na akaunti za kufunga simu zizimwe, kwa kuwa vituo vingi hufuta kila kitu au hubadilisha kifaa kizima. Mwenye kifaa apewe karatasi ya mapokezi inayoeleza hali yake, kioo kikiwa kizima au la, ili kisirudi na mkwaruzo usio na mwenyewe. Jibu la kukataliwa nalo liombwe kwa maandishi, likitaja kipengele cha mkataba kilichotumika; mara nyingi ombi hilo peke yake hubadilisha jibu.

Dai likikataliwa isivyo haki, mnunuzi wa Tanzania anaweza kupeleka malalamiko kwa Tume ya Ushindani, na kama ni bima, kwa TIRA. Kenya kuna Mamlaka ya Ushindani na, tangu Aprili 2021, Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzia Milimani, Nairobi. Mahakama hiyo husikiliza madai yasiyozidi KSh 1,000,000, mdai anaweza kujiwakilisha mwenyewe bila wakili, na sheria inataka hukumu itolewe ndani ya siku 60 tangu dai lilipofunguliwa.